Amerudi kutoka India na valvu mpya, huku hakuna anayempokea

SWALI

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, naishi mkoani Mtwara, nina duka dogo la vifaa vya shule. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, ana miaka 27 na mtoto mmoja. Tangu akiwa sekondari alikuwa akichoka upesi, miguu inavimba, akitembea kidogo anahema. Tulizunguka naye sana, huku tunaambiwa pumu, kule presha, na majirani walikuwa na yao ya kurogwa. Mwisho alipimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, Dar es Salaam tukaelezwa kuwa valvu ya moyo, kilango cha kupitishia damu, imeharibika na lazima ibadilishwe.

Ukoo ukakaa kikao. Mjomba wetu aliyeko Muscat alibeba sehemu kubwa, baba akauza shamba moja la mikorosho, waliobaki tukachanga kwenye grupu la WhatsApp. Tulipata wakala aliyetupangia kila kitu: viza, hospitali, mkalimani, hadi chumba cha kufikia Chennai, India. Akapasuliwa mwaka jana, akawekewa valvu ya chuma. Tunamshukuru Mungu, na wale madaktari tunawashukuru, alirudi anatembea mwenyewe. Usiku nyumba ikitulia unaisikia valvu inavyogonga kama saa ya ukutani, na mwanangu mdogo humwekea sikio kifuani akahesabu mpaka asinzie.

Taabu imeanza hapa nyumbani. Alirudi na dawa za miezi michache na faili nene, limeandikwa arudi kwa uchunguzi baada ya miezi sita. Yule wakala kabla ya safari alikuwa anatupigia asubuhi na jioni. Siku hizi nikimtumia ujumbe zinatokea tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Tukaenda hospitali moja, jina naliacha, daktari akapekua faili akasema, "Waliompasua ndio wanaojua walichofanya, mrudisheni hukohuko." Tukiwa tunatoka nesi akatupa na lake, kwamba tungeheshimu hospitali za nyumbani tusingehangaika. Tuliona aibu, hatukurudi tena.

Dawa zilipoisha, duka la dawa walisema ile iliyoandikwa, Acitrom ya miligramu 2, hawana, ila wanayo warfarini ya miligramu 5 ambayo ni kundi lilelile. Basi anameza kidonge kimoja kila usiku, ni zaidi ya mwezi sasa. Mama anamtunza vizuri mno. India waliambiwa mboga za majani zinapingana na dawa, kwa hiyo kisamvu, matembele na mchicha vimepigwa marufuku kabisa, ni wali na samaki tu. Wiki iliyopita tumbo lilimsumbua, akanunua Flagyl, akapata nafuu.

Nina maswali mawili. Kwanza, pesa ya kurudi India hatuna. Tukope, tuuze shamba lililobaki, au kuna namna nyingine? Pili, shemeji anataka mtoto wa pili. Ni mtu mwema, alimuuguza tangu mwanzo, lakini mama yake hamwachi apumue. Mdogo wangu anaogopa kumkatalia, na kusema ukweli hata sisi hatujui kama jibu ni ndiyo au hapana.

Nilitaka kusahau: siku hizi analalamika akipiga mswaki fizi zinatoa damu, na hedhi imepita wiki haijakata. Nadhani ni mwili tu bado umechoka.

Dada Mkubwa, Mtwara

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Wasomaji wengine nawaambia kabisa kwamba barua hii haikusubiri zamu yake. Nilipofika kwenye yale maneno ya "nilitaka kusahau" nilichukua simu nikampigia dada huyu, na kesho yake asubuhi mgonjwa alipelekwa hospitali yenye maabara ya kupima INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Majibu yalisoma 6.4. Kwa mtu ambaye hatumii dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo hicho huwa karibu na 1. Kwa mwenye valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kama huyu, tunataka kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kufika 6.4 maana yake damu imekuwa nyepesi kupita kiasi, na fizi ndizo zilizoanza kusema. Daktari wa zamu alimsimamishia dozi mbili, akampunguzia kidonge na kumpangia kipimo kingine ndani ya siku chache. Hakuhitaji kulazwa. Nachapa haya kwa ruhusa yao, kwa sababu najua ziko nyumba nyingi zenye mgonjwa wa namna hii.

Sasa tuseme ilikuwaje, maana hakuna aliyemtakia mabaya.

Acitrom ni jina la kibiashara la asenokumaroli, dawa ya kuzuia damu kuganda. India wanaiandika sana baada ya kubadilisha valvu. Huku kwetu dawa iliyozoeleka ni warfarini. Muuza dawa hakukudanganya aliposema ni kundi moja, zote zinazuia vitamini K isifanye kazi yake ya kugandisha damu. Ila nguvu zake hazilingani miligramu kwa miligramu. Asenokumaroli ya miligramu 2 kwa watu wengi inakaribia warfarini ya miligramu 4 au pungufu kidogo, na hata hiyo ni hesabu ya kuanzia, ni lazima ifuatwe na kipimo. Mdogo wako alipewa 5. Tena asenokumaroli hutoka mwilini haraka, wakati warfarini hukaa siku kadhaa, kwa hiyo kilichozidi leo kinakutana na cha jana na cha juzi.

Juu ya hapo mama akaondoa majani. Huko India bila shaka waliambiwa wawe waangalifu na mboga, na neno hilo lilipofika jikoni likawa marufuku. Majani ya kijani yana vitamini K, kweli, lakini kiwango cha dawa hupangwa kulingana na anachokula mtu siku zote. Akila kisamvu mara tatu kwa wiki, aendelee mara tatu kwa wiki, na dawa itapangwa kuzunguka hicho kisamvu. Hatari iko kwenye kubadilika ghafla: mwezi mzima bila jani, halafu msimu wa mvua mchicha umejaa uani anakula kila siku. Mama mpe salamu zangu, mwambie arudishe mboga taratibu, kwa kiasi kilekile kila wiki, na kliniki waambiwe ili wapime damu wakati huo. Mtu aliyetoka kupasuliwa moyo akala wali na samaki tu hapati nguvu.

Halafu ikaja Flagyl. Hiyo metronidazoli huizuia ini kuivunja warfarini, kwa hiyo dawa inabaki nyingi kwenye damu. Septrin na flukonazoli, ile ya fangasi, zinafanya hivyohivyo. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume chake, inaishusha INR hata mtu akaanza kutengeneza bonge la damu kwenye valvu. Za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asijinunulie, zinachokoza tumbo mpaka livuje damu. Akiumwa kichwa ameze paracetamol kwa kipimo cha kawaida. Malaria itibiwe upesi kama kwa mtu yeyote, ila wajulishe anameza nini na damu ipimwe tena siku chache baadaye. Mizizi na majani ya kuchemsha ninaomba msimpe. Sisemi hayafai, nasema hakuna anayejua kikombe kimoja kinasogeza INR kwenda wapi.

Kwa hiyo ni mambo matatu, kila moja limefanyika mahali pake kwa nia njema, na yote yamesukuma damu upande mmoja. Angekuwepo mtu mmoja anayepima kila wiki baada ya dawa kubadilishwa, angeligundua mapema kabisa. Huyo mtu ndiye mliyemkosa, na hapo ndipo ninapomkasirikia yule daktari kuliko wakala. Wakala ni mfanyabiashara. Wengi wao hulipwa kamisheni na hospitali inayopokea mgonjwa, na mgonjwa akishapanda ndege ya kurudi hakuna tena cha kulipwa, ndiyo maana tiki zinakuwa za bluu na kimya. Daktari ana kiapo. Kusema "mrudisheni hukohuko" kwa mtu mwenye valvu ya chuma ni kumfukuza mgonjwa wa maisha, kwa sababu dawa hii hataiacha mpaka mwisho wa uhai wake, na hakuna anayeweza kupanda ndege kila mwezi kwenda kutoa damu. Huyo nesi aliyewasema naye simjibu. Mlipeleka mgonjwa mahali mlipoona atapona, amepona, imekwisha hiyo. Msiione aibu tena mlangoni kwa mtu.

Kuhusu shamba: msiuze. Uchunguzi wa miezi sita ulioandikwa kwenye faili, kwa mtu anayeendelea vizuri, ni kusikilizwa kifua, eko, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), INR na vipimo vichache vya damu. Vyote hivyo vinapatikana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, pale Upanga ndani ya eneo la Muhimbili. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015, na madaktari wake wanabadilisha valvu wenyewe, hivyo valvu ya mdogo wako haitamshangaza mtu, na wagonjwa waliopasuliwa India si wageni kwao. Ombeni barua ya rufaa kutoka hospitali iliyompima wiki hii. Wakati mwingine JKCI hupeleka madaktari mikoani kwa huduma wanayoiita tiba mkoba, ulizieni kama ratiba inagusa Kusini, mtaokoa nauli ya basi na siku za kulala Dar. Kwenu pia ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Nendeni mkaulize mambo mawili tu: mnapima INR siku zipi, na mnaye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa kumshika mgonjwa huyu kati ya safari moja ya Dar na nyingine?

Ninavyopenda mimi iwe hivi: Dar aende mara chache kwa eko na kuonwa na bingwa wa moyo, na INR apime karibu na nyumbani. Dozi ikiwa imebadilishwa, apime kila wiki. Ikitulia, daktari ataweza kumpa nafasi ya wiki nne. Nunua daftari moja gumu, lichore safu tatu, tarehe, INR, na miligramu anazomeza, na pembeni acha nafasi ya kuandika dawa nyingine au ugonjwa wa wiki hiyo. Daftari hilo liende naye hata akienda kung'oa jino. Na jino lisiguswe kabla daktari wa meno hajajua kuhusu valvu, kwa sababu atahitaji antibiotiki kabla, na warfarini asiisimamishe kwa ushauri wa mtu wa kinywa peke yake. Kuna vimashine vya kupima INR kwa tone la damu ya kidoleni. Najua mjomba wa Muscat atasikia habari hizo na kutaka kutuma kimoja. Mwambie asubiri kwanza. Vijikaratasi vyake ni ghali na huisha, na mashine bila mtu wa kusema "leo punguza" haina kazi. Pesa hiyo ikae kwenye mfuko wa nauli na vipimo. Kama ana bima, ulizeni mapema kama inalipia INR na warfarini.

Lile faili nene nalo lifanyiwe kazi. Piga picha kila ukurasa, zihifadhi kwenye barua pepe, si kwenye simu pekee. Tafuta ndani yake aina ya valvu, ukubwa wake, imewekwa mlango upi wa moyo, INR ya siku aliyoruhusiwa, na majibu ya eko ya mwisho kabla ya kuondoka. Hiyo eko ni ya thamani, bingwa wa hapa ataweka yake pembeni yake aone kama kuna kilichobadilika. Kuna pia kadi ndogo ya valvu wanayompa mgonjwa, ikae kwenye pochi yake daima. Kitu kikikosekana, andikeni barua pepe moja kwa moja kwa idara ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali iliyompasua, mtaje namba yake ya faili. Humhitaji wakala kwa hilo, kumbukumbu ni za mgonjwa. Hospitali nyingi za India pia zinakubali kuongea na mgonjwa kwa video, na daktari wa hapa akiwa na swali gumu, wawili hao wazungumze wao kwa wao.

Muulizeni daktari pia kuhusu penisilini. Valvu za vijana wa kwetu mara nyingi huharibiwa na homa ya rumatiki, inayotokana na maambukizi ya koo utotoni. Ndiyo maana wengi hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Kubadilishiwa valvu moja hakuzilindi zilizobaki. Kwa kuwa damu yake ni nyepesi na sindano ya msuli inaweza kuvilia, daktari ataamua kama ni sindano au vidonge. Nimesoma barua yako mara mbili na sikuona penisilini popote, ndiyo maana nauliza.

Dalili za kukimbia nazo hospitali bila kungoja siku ya kliniki ni za aina mbili. Za damu kuwa nyepesi mno: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, pua isiyokata, hedhi ya namna hii aliyokuwa nayo, kuumwa kichwa vikali hasa baada ya kuanguka. Za damu kuganda: kuhema ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda kando, ulimi kuwa mzito, na ile sauti ya valvu kufifia au kupotea. Mwanao anayehesabu usiku anafanya kazi kuliko anavyojua. Na mtu akiwaambia kuna dawa mpya zisizohitaji kupima damu, kama rivaroksabani au dabigatrani, jibu ni hapana. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wenye valvu za chuma, utafiti ukasimamishwa kwa sababu ilileta mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi ya warfarini.

Nabaki na la shemeji, ambalo ndilo gumu, na sitalimaliza kwenye gazeti.

Kwa sasa asishike mimba. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndipo inapoweza kuharibu pua, mifupa na mambo mengine ya mtoto. Baadaye pia inaweza kumvujisha damu mtoto tumboni. Sasa mtu akisikia hivyo anaweza kufanya kosa linaloua mama: akijiona mjamzito, anaacha vidonge kimyakimya ili amwokoe mtoto. Ujauzito wenyewe unaifanya damu iwe nzito, na valvu ya chuma bila dawa inaziba. Mwambie mdogo wako kwa lugha mtakayoelewana: akichelewa hata siku chache, apime, na akikuta mimba aende hospitali siku hiyohiyo huku akiendelea na dawa mpaka daktari aseme.

Je, jibu ni hapana ya milele? Siwezi kusema hivyo. Wako wanawake wenye valvu za chuma waliozaa. Madaktari wana njia zao, wengine huhamishiwa sindano za heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, kwa wiki zile za mwanzo kwa kupimwa damu mara kwa mara, wengine wanaohitaji warfarini kidogo, miligramu 5 au chini ya hapo kwa siku, huachwa nayo. Kila njia ina hatari kwa mmoja wao, mama au mtoto, na kujifungua kunapangwa kwenye hospitali kubwa kabla ya uchungu kuanza. Hayo hayawezekani kwa mtu ambaye INR yake ilikuwa 6.4 wiki hii na ambaye mpaka juzi hakuwa na kliniki. Atulie kwanza, INR ikae mahali pake kwa miezi, eko isomwe, ndipo bingwa wa moyo na wa wanawake wakae na hao wawili.

Mpaka hapo anahitaji kinga, na si yoyote. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinaongeza kuganda kwa damu, asivitumie. Kitanzi cha shaba kinaongeza hedhi, na yeye hedhi tayari ni tatizo. Kijiti au kitanzi chenye homoni vinamfaa zaidi, na kitanzi hicho hupunguza damu ya mwezi. Kliniki ya uzazi wa mpango waone kadi ya valvu na INR kabla ya kuweka chochote.

Mama mkwe nisingemweleza habari za INR. Ninayemtaka ni shemeji mwenyewe. Umesema alimuuguza tangu mwanzo, basi siku ya kwanza ya kliniki aingie naye chumbani kwa daktari, asibaki kwenye benchi nje, na swali la mtoto aliulize yeye kwa mdomo wake. Akishalijibiwa na bingwa, ya mama yake atayamaliza mwenyewe nyumbani.